Barua Isiyofika: Historia Fupi ya Kigari cha Mtoto

Kigari chenyewe nilikinunua Karume, pale Ilala, Jumamosi moja asubuhi, kwa shilingi elfu sabini na tano, baada ya kuvutana na muuzaji karibu nusu saa. Alianza na laki moja na ishirini. "Kaka, hiki ni cha Ulaya, siyo haya mapya yanayokatika baada ya wiki," aliniambia, akakikunjua kwa mkono mmoja, tak, kikasimama. Akakikunja. Akakikunjua tena. Binti yangu wakati huo alikuwa na miezi minane, na mgongo wa mama yake ulikuwa umeshaanza kulalamika. Nikaona nimepata.

Nyumbani, nikiwa nakifuta kwa kitambaa na sabuni, nikakuta kibandiko chini ya kiti. Nusu yake ilikuwa imekwanguka. Jina la mtengenezaji lilisomeka, tarehe haikusomeka, na pembeni kulikuwa na herufi mbili na namba: EN 1888. Mwanzoni nilidhani ni mwaka. Nikamtania mke wangu kwamba tumenunua kigari cha enzi za vita vya Abushiri, ndiyo maana kina kelele.

Siyo mwaka. Ni namba ya kiwango cha Ulaya kinachoeleza jinsi kigari cha mtoto kinavyotakiwa kupimwa kabla hakijaingia sokoni. Mimi ni mwandishi wa habari, na ugonjwa wetu unajulikana: ukishika uzi mmoja unataka kuuvuta mpaka mwisho. Nilivuta uzi huo kwa wiki tatu, usiku, mtoto akiwa amelala. Nilichokuta huko ni historia, na kwa sehemu kubwa ni historia ya misiba ya watu wengine. Naiandika hapa, kwenye ukurasa wa wapenzi wa vitabu, kwa sababu nimeanza kuamini kwamba zile nyaraka kavu za viwango ni aina ya fasihi. Zina wahusika, zina mkasa, ila mwandishi ameficha majina.

Tuanze na mwanzo. Mwaka 1733 huko Uingereza, William Kent, mbunifu wa majengo na bustani, alitengenezewa kazi na Duke wa Devonshire: achore kigari cha kuwaburudisha watoto wa familia hiyo. Kent akatoa kitu chenye umbo la kombe la baharini, chenye springi, cha kuvutwa na mnyama mdogo kama mbuzi au mbwa. Hicho ndicho wanahistoria wengi hukitaja kama kigari cha kwanza cha mtoto tunachokijua. Ona jambo moja: kilikuwa mchezo. Hakuna mama aliyekihitaji ili afike sokoni. Kwa maana hiyo, kigari cha kusukuma na gari la kuchezea ambalo mtoto hulipanda vilizaliwa tumbo moja, na vikaja kutengana baadaye.

Karne ya 19 ndipo kigari kilipopewa mpini kwa nyuma, kikaacha kuvutwa na kuanza kusukumwa na binadamu. Mwaka 1877 William Wilson akaanzisha kampuni ya Silver Cross huko Leeds, na vigari vyake vikubwa vyenye springi vikawa alama ya nyumba zenye uwezo. Mwaka 1889, mjini Baltimore, Marekani, Mmarekani mweusi aitwaye William H. Richardson akapata hataza ya kigari ambacho kitanda chake kiliweza kugeuzwa ili mtoto amtazame anayemsukuma, huku magurudumu yakizunguka kila moja kivyake, kikakata kona bila shida. Ukimwona leo mtoto anamkenulia mama yake huku akisukumwa, mkumbuke Richardson.

Lakini katika miaka yote hiyo, nani alikuwa anapima? Jibu fupi ni kwamba mnunuzi ndiye aliyekuwa maabara. Kikivunjika, umejua. Wale mliosoma somo la filamu mnakumbuka ile ya Sergei Eisenstein ya 1925, *Battleship Potemkin*, pale kigari chenye mtoto kinapoachwa na mama aliyepigwa risasi na kuanza kuteremka ngazi za Odessa. Nimeitazama mara nyingi na kila mara nilikuwa natazama nyuso za watu. Safari hii nilitazama magurudumu. Kila aliyewahi kusukuma kigari anaielewa hofu ile bila kufafanuliwa: ukiachia mkono tu, kitu hiki kitaondoka, na aliyemo ndani hajui kushuka.

Mabadiliko makubwa yalikuja 1965, na yaliletwa na mtu wa ndege. Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza, alikuwa amefanya kazi kwenye magurudumu ya kutulia ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia. Gurudumu la ndege lina kazi mbili: libebe uzito mkubwa likiwa chini, kisha lijikunje na kujificha likiwa juu. Alipokuwa babu, Maclaren aliihamishia hesabu hiyo kwenye kigari. Akatumia mirija ya alumini, akaifunga kwa bawaba zinazopishana kama miguu ya panzi, akapata kigari chenye uzito wa chini ya kilo tatu kinachokunjika kama mwavuli. Kilianza kuuzwa 1967. Kuanzia hapo mama wa kawaida aliweza kupanda basi na mtoto mkono mmoja, kigari mkono wa pili. Ukipita Karume leo, karibu kila kigari utakachokiona ni kitukuu cha kile cha Maclaren.

Ila uhuru huo ulikuja na bawaba. Kigari cha zamani cha Silver Cross kilikuwa kizito kama kabati, lakini hakikuwa na mahali pa kukata kidole. Kitu kinachojikunja ni mkasi, tupende tusipende. Chuma viwili vinapishana, na nguvu ya mkono wa mtu mzima inakusanyika sehemu moja ndogo. Mtoto akiwa ameshika hapo wakati baba anakunjua, tak, imekwisha.

Kwa upande wa magari ya kuchezea, nina habari za karibu zaidi. Nimekulia Mwanza, na Mwanza ni mji wa miamba na miteremko. Tulitengeneza vigari vya mbao, magurudumu yake beringi kuukuu tulizookota gereji, usukani wake kamba. Unapanda navyo mpaka juu, unakaa, unamwomba Mungu, unateremka. Breki ilikuwa kisigino, na kwa mwenye bahati, ndala. Nina kovu chini ya goti la kushoto lililotokana na mteremko mmoja ambao hata leo nikienda kusalimia nyumbani naukwepa kuutazama. Hatukuwa na namba ya kiwango, lakini tulikuwa na utaratibu: kigari kipya kilijaribiwa kwanza na mkubwa kuliko wote. Akifika chini mzima, wadogo wanaruhusiwa. Ukitafakari, hiyo ndiyo kanuni nzima ya upimaji. Mwenye nguvu atangulie kubeba hatari kabla ya mnyonge.

Miaka ileile ambayo Ulaya ilikuwa inasukuma vigari vya springi, Chicago ilikuwa na kijana mhamiaji kutoka Italia, Antonio Pasin, aliyeanza 1917 kutengeneza vigari vya mbao vya watoto. Baadaye akahamia kwenye bati la chuma lililogandamizwa kwa mashine, teknolojia ya viwanda vya magari, na vigari vyake vyekundu vya Radio Flyer vikaenea Marekani nzima. Baada ya chuma ikaja plastiki, kisha betri. Kila malighafi ilileta hatari yake: mbao huchoma vibanzi, chuma hukata, plastiki hupasuka kwenye baridi, betri huwaka.

Na ziliwaka kweli. Oktoba 1998, kampuni ya Fisher-Price, pamoja na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, ilitangaza kuwaita wenye magari ya watoto ya betri ya Power Wheels wayapeleke yakarekebishwe. Yalikuwa magari mpaka milioni 10. Kulikuwa na taarifa za moto zipatazo 150, na mamia ya taarifa za nyaya na vifaa vya umeme vilivyopata joto kupita kiasi. Miaka mitatu baadaye kampuni hiyo ikakubali kulipa faini ya dola milioni 1.1 kwa madai kwamba ilichelewa kuiarifu serikali. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba katika hadithi hii kuna kosa la kutengeneza vibaya, na kuna kosa la kujua na kunyamaza.

Tume hiyo yenyewe ni ya juzi tu. Sheria iliyoizaa ilisainiwa Oktoba 1972 na Rais Nixon. Kabla yake, 1969, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya usalama wa vitu vya kuchezea watoto. Kifaa kinachonipendeza kuliko vyote kilianza kutumika huko mwaka 1980, nacho ni kikopo kidogo tu. Kipenyo chake ni milimita 31.7, na kitako chake kimekatwa mshazari, upande mmoja kina kirefu kuliko upande mwingine. Kikopo hicho ni mfano wa koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mpimaji anachukua kipande chochote kilichong'oka kwenye kitu cha kuchezea cha mtoto mdogo, anakidumbukiza humo. Kikiingia chote, bidhaa imefeli. Hakuna mjadala. Nilikipima kipenyo hicho kwa rula usiku nikamwangalia binti yangu aliyelala mdomo wazi, nikaamka nikaokota vifuniko vyote vya soda vilivyokuwa chini ya meza.

Vigari navyo vilipata kiwango chao Marekani mwaka 1983, kwa jina F833. Lakini kilikuwa cha hiari. Yaani mtengenezaji akipenda anafuata, asipopenda anaendelea na biashara. Mambo yakabaki hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kilichokuja kubadilisha ni kifo cha mtoto mmoja, na hakufia kwenye kigari.

Mei 12, 1998, mjini Chicago, Danny Keysar, mtoto wa karibu mwaka mmoja na nusu, alilazwa usingizi wa mchana nyumbani kwa mlezi mwenye leseni. Alilazwa kwenye kitanda cha kukunja cha kusafiria. Kingo za juu za kitanda zikaporomoka kwa ndani, zikafanya umbo la V, zikambana shingo. Bawaba tena. Wazazi wake, Linda Ginzel na Boaz Keysar, wote walimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakaja kugundua jambo ambalo mimi nikilisoma nilisimama, nikaenda jikoni nikanywa maji. Kitanda kile kilikuwa kimeshatangazwa kuwa hatari na kuitwa kirudishwe tangu 1993. Miaka mitano kabla. Danny alikuwa mtoto wa tano kuuawa na aina ileile ya kitanda. Tangazo lilitolewa, lakini halikufika kwenye chumba ambacho kitanda kilikuwa kimesimama. Mlezi hakujua. Nyumba yake ilikuwa imekaguliwa na maofisa siku chache tu kabla, nao pia hawakukiona.

Wazazi hao wakaanzisha shirika liitwalo Kids In Danger. Mwaka 2001 Marla Felcher akatoa kitabu, *It's No Accident*, kinachoeleza jinsi biashara ya bidhaa za watoto ilivyokuwa ikiendeshwa kwa hiari ya wafanyabiashara. Kichwa chake tu ni hoja: siyo ajali. Wapenzi wa vitabu, kitafuteni. Na mwaka 2008, Agosti 14, Marekani ikapata sheria mpya ya usalama wa bidhaa za watoto, yenye kifungu kinachobeba jina la Danny. Kifungu hicho kiliagiza kwamba viwango vya vitanda, viti na vigari vya watoto wachanga vigeuzwe kutoka hiari kuwa lazima. Kingine kiliagiza kila bidhaa ya namna hiyo iuzwe na kadi ya usajili iliyolipiwa stempu, ili mtengenezaji ajue pa kumpata mnunuzi siku ya hatari. Na kwamba jina la mtengenezaji, aina ya bidhaa na tarehe ya kutengenezwa viandikwe juu ya bidhaa yenyewe kwa namna isiyofutika.

Kwa vigari, kanuni ya lazima ilikamilika 2014 na kuanza kutumika Septemba 2015. Katikati hapo bawaba ziliendelea kudai. Novemba 2009, kampuni ya Maclaren, ileile iliyozaliwa na wazo la yule babu wa Spitfire, ilitangaza kwamba vigari vyake karibu milioni moja vilivyouzwa Marekani vina tatizo la bawaba. Kulikuwa na watoto 12 waliokatika ncha za vidole. Novemba 2014 ikawa zamu ya Graco, vigari vipatavyo milioni 4.7. Ukitazama dawa iliyotolewa na Maclaren utashangaa ilivyo nyepesi: vifuniko vya kitambaa vya kufunika bawaba, vinatumwa bure, unajifungia mwenyewe nyumbani. Vidole kumi na viwili, halafu dawa ni kipande cha kitambaa!

Basi, leo kigari kinapimwaje? Turudi kwenye kibandiko changu. Katika maabara ya Ulaya, kigari huwekewa uzito badala ya mtoto: kilo 9 kwa kitanda cha mchanga, kilo 15 kwa kiti cha kawaida. Kisha huwekwa juu ya mkanda unaozunguka wenye matuta, kikatembezwa kwa mwendo wa mtu, kilomita 5 kwa saa, mpaka kipigwe matuta 72,000. Mpini wake huinuliwa na kushushwa mara 10,000, kama mama anayekipandisha na kukiteremsha kwenye ngazi za barabarani maisha yake yote. Huwekwa kwenye mteremko wa nyuzi 12 kuona kama kitapinduka, na kwenye mteremko wa nyuzi 9 breki zikiwa zimefungwa kuona kama kitajiondokea. Nafasi yoyote ambayo ni kubwa kuliko milimita 7 na ndogo kuliko 12 inatiliwa shaka, kwa sababu hapo ndipo kidole cha mtoto huingia na kisitoke. Kufuli za kukunjia zinatakiwa ziwe zaidi ya moja, na mojawapo ijifunge yenyewe ukikunjua, kwa kuwa wanajua baba ana haraka na atasahau.

Gari la kuchezea la kupanda lina mtihani wake. Linabebeshwa kilo 25 kama ni la mtoto wa chini ya miaka mitatu, kilo 50 kama ni la mkubwa kuliko hapo, kisha linasukumwa likagonge kizingiti cha milimita 50 kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Linagongeshwa mara tatu. Halitakiwi kuvunjika kwa namna itakayomdhuru mtoto. Tena linawekwa kwenye mteremko wa nyuzi 10 lionekane kama litaanguka upande. Nikisoma hiyo nilicheka peke yangu. Nyuzi 10! Mteremko wetu wa Mwanza ulikuwa ukuta.

Ninachotaka mkione ni kwamba namba hizi hazikutoka hewani. Zile milimita 7 na 12 ni unene wa vidole. Vipimo vya kuangalia kama mwili wa mtoto unaweza kuteleza chini kupitia tundu la miguu huku kichwa kikibaki kimenaswa, vina maana yake pia: Oktoba 2010 Graco iliita vigari milioni 2 baada ya watoto wanne kufa kwa namna hiyohiyo. Ukisoma kiwango polepole, kama unavyosoma shairi gumu, utaanza kusikia watu nyuma ya kila kifungu. Ndiyo maana nilisema ni fasihi. Ni tenzi za maombolezo zilizoandikwa na wahandisi.

Wiki ya tatu niliamua kufungua maabara yangu. Nikanunua mchele kilo 10 na sembe kilo 5, nikavifunga mkanda kwenye kigari kama mtoto. Nikakipeleka kwenye njia ya kuingilia gari ya jirani, nikapima mteremko kwa simu: nyuzi 8 na kitu. Nikafunga breki. Kikakaa. Nikakisukuma mpaka kituo cha daladala huku nahesabu matuta, mashimo na mawe. Watoto wa mtaani walinifuata wakiuliza, "Anko, mtoto yuko wapi?" Nilihesabu 140 kwenda. Kwenda na kurudi ni 280. Fanya hesabu: kwa siku 257, yaani miezi nane na nusu hivi, barabara yetu inamaliza matuta yote 72,000 ya maabara ya Ulaya. Na hiki kigari hakikuanza kwangu. Kimeshamaliza matuta ya mtu mwingine huko kilikotoka, labda ya watoto watatu.

Kisha nikachukua karoti. Nikaiweka kwenye bawaba ya kulia, nikakikunjua kama alivyofanya yule muuzaji, kwa mkono mmoja. Kipande cha karoti kikaruka mpaka kwenye zulia. Mke wangu alikuwa mlangoni, amembeba mtoto. Hakusema neno. Alikiokota kile kipande, akakitazama, akaenda nacho jikoni.

Nilijaribu kutafuta kama kigari changu kiko kwenye orodha ya vilivyoitwa kurudishwa. Lakini orodha zinataka tarehe na namba ya aina, na hizo ndizo zilizokwanguka. Hapo nikaielewa hadithi ya Danny kwa namna nyingine. Tangazo la kurudisha bidhaa ni barua. Inaandikwa kwa mnunuzi wa kwanza, kwa lugha yake, kwa anwani aliyoijaza kwenye kadi. Kigari kikishauzwa mara ya pili, barua inapotea njia. Kikiingia kwenye kontena na kuvuka bahari mpaka bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, barua haina tena habari. Kitanda cha Danny hakikutoka hata nje ya nchi yake, na bado barua haikufika.

Kwetu tunalo Shirika la Viwango, TBS, tangu 1975, na kila mtu mtaani anajua kwamba limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba. Ni sawa, afya ya ngozi ni jambo. Lakini nguo haina bawaba. Sisemi hivi kumlaumu mtu. Anayenunua Karume, nikiwemo mimi, ananunua pale kwa sababu kipya cha dukani chenye ubora ni mshahara. Ukiviondoa vigari vyote vya mitumba kesho asubuhi, wanaoumia ni akina mama wale wanaopanda daladala. Mama yangu nilipompigia simu kumweleza haya yote, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, mbeleko haina breki wala haina bawaba. Ninyi nyote nimewabeba." Ni kweli. Ila hakuutaja mgongo wake, ambao sasa humwamsha usiku.

Nilirudi Karume. Sikwenda kugombana. Nilimweleza muuzaji habari ya karoti. Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Nirudishie tu, kaka, nakupa hamsini. Hakikai hiki, kesho kimeshaondoka." Nilisimama pale nikiwa na elfu hamsini ya mdomoni, na nilijua hasa maana yake. Kesho kingeondoka na mtoto mwingine, na baba mwingine anayefurahia kukikunjua kwa mkono mmoja. Na mimi sasa nilikuwa miongoni mwa wanaojua. Lile kosa la pili nililowasomea wengine usiku, la kujua na kunyamaza, lilikuwa limekuja kunitafuta kwa bei ya hasara ya elfu ishirini na tano.

Sikukiuza. Nilikipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu nikamwomba anishonee vifuniko viwili vya turubai nene, vya kufunga kwa gundi ya nguo. Alivipima bawaba kwa mkono, akashona kwa dakika ishirini, akaniomba elfu nne. Hakujua kwamba dawa hiyohiyo ilishagawiwa na kampuni kubwa kwa watu karibu milioni moja. Nilirudia jaribio. Karoti ilibonyea lakini haikukatika. Sijui maabara ingesema nini, na sijidanganyi kwamba turubai ni kiwango. Sheria ya nyumbani ni kwamba mtoto anakuwa mikononi mwa mtu mpaka kigari kimesimama na kufuli zote zimeingia, na anayekunjua anasema kwa sauti, "Nakunjua."

Jambo la mwisho nililofanya ni dogo. Nilichukua plasta nyeupe, nikaizungushia kwenye mpini, nikaandika juu yake kwa kalamu isiyofutika: BAWABA HIZI ZINAKATA VIDOLE. MTOTO AWE MBALI UNAPOKUNJUA. USIONDOE VIFUNIKO. Binti yetu atakua, kigari kitahama, kama vinavyohama vyote. Kitakwenda kwa shemeji, kisha kwa jirani wa shemeji, kisha huenda kikarudi Karume. Sina anwani za watu hao. Kwa hiyo barua nimeifunga kwenye kigari chenyewe.